Simba Aliyekohoa

Rukia alinipigia simu nikiwa kwangu Mbooni, natenga maparachichi ya soko na yale yaliyopondeka, akaniambia mamake amefariki alfajiri na atazikwa siku hiyo hiyo. Nilijua sitawahi. Kutoka vilima hivi hadi Kitui mjini si mbali sana, lakini kwa magoti yangu ni safari, na Waislamu hawamweki maiti angoje mgeni. Nilifika wanaume wameshatoka makaburini, viatu vyao vina udongo mwekundu, na Rukia akanishika mkono akaniingiza katika chumba cha uani walimokaa wanawake. Chumba kile sasa kina dari na vigae, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, na siku hiyo ubani ulikuwa unafuka pembeni. Lakini dirisha lilikuwa lile lile, dogo, la juu, lenye nondo, na mwanga wake ulianguka pale pale ulipokuwa ukiangukia meza ya Mzee Athumani, zamani chumba kile kilipokuwa karakana yake. Niliketi chini yake. Wanawake walikuwa wanamkumbuka marehemu, upishi wake, ukali wake kwa wauza mboga, na mmoja ambaye hakuwa mwenyeji akauliza mumewe alifariki lini. Rukia akanitazama. "Shangazi Mumbua ndiye anayejua vizuri," akasema. Sikuwaeleza siku hiyo. Nilisema tu ni mambo marefu, nikaomba chai. Tangu nirudi nyumbani sijapata utulivu, na nadhani ni kwa sababu sikuwaeleza.

Nilikaa katika nyumba ile mwaka mmoja, nikiwa msichana aliyemaliza kidato cha nne na kukosa kazi, mwaka mmoja au miwili kabla serikali haijapiga uwindaji marufuku. Mzee Athumani alikuwa fundi wa bunduki, leseni yake imetundikwa ukutani kwenye fremu kama picha ya harusi. Askari wa wanyama walimletea bunduki zao, na pamoja na bunduki walimletea maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa ili ayajaze upya, kwa sababu risasi mpya zilikuwa adimu na ndovu na nyati hawakungoja. Mikono yake ilikuwa bado imara lakini macho yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na kazi ile haitaki kukisia. Alihitaji mtu wa kumsomea mistari ya kipimo na kuangalia mizani ya baruti. Alisikia kwamba ninajua hesabu. Aliniambia siku ya kwanza, "Binti, hapa ukikosea, hufi wewe. Anakufa mtu mwingine, mbali, na wewe uko hapa unakunywa chai." Nilidhani anataka kunitisha tu ili niwe makini.

Kazi ilianza kwa kuosha. Maganda yalikuja katika makopo ya maziwa ya unga, yana masizi na mchanga, nami niliyaosha na kuyaanika juani kwenye gunia mpaka yakang'aa. Halafu Mzee Athumani aliyasikiliza. Alichukua mawili mawili akayagonganisha karibu na sikio. Ganda zima hulia kama kengele ndogo. Lenye ufa, hata ufa usioonekana, hulia kama kikombe kibovu, na hilo alilitupa. Yaliyofaulu niliyabana katika mashine ya mkono iliyofungwa kwenye meza ili yarudi umbo lake, nikayatia kile kitufe cha kitako kinachowasha baruti, nikapima baruti, nikashindilia kichwa cha risasi juu. Katika Kiswahili madini ya kutengenezea kichwa hicho na kile kinachoua vina jina moja, risasi, na nilikuwa nikiliwaza jambo hilo tulipoyayeyusha madini katika sufuria ndogo ya chuma, yanameta kama maji ya mto wakati wa jua kali, mazuri kabisa kuyatazama. Katika kopo la tumbaku juu ya rafu palikuwa na ganda moja limefungwa kwa pamba. Lilikuwa limevimba karibu na kitako. Nilipolitoa nilioshe, Mzee Athumani alinisikia tu, hakuona. "Hilo lirudishe," akasema. Sauti yake ilinifanya nilirudishe upesi.

Mama Rukia, ambaye jina lake ni Zainabu, alikuwa mke wa Hamisi, ndugu mdogo wa Mzee Athumani. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye kucheka kwa urahisi, na kwa miezi ya kwanza sikuona kasoro yoyote ila moja. Mchana alipakua sahani yetu sisi, akapakua na nyingine, wali na mbaazi za nazi, akaifunika kawa akaiweka kwenye kiti cha mlangoni. Hiyo ilikuwa ya Hamisi. Hamisi alikuwa askari wa wanyama, na alikuwa hajarudi kutoka upande wa Zombe, kule nyikani mashariki, kwa miaka kadhaa. Bunduki yake iliokotwa na wachungaji kandokando ya Mto Thua, imeegemezwa mti. Yeye mwenyewe hakuonekana. Baada ya hapo Mzee Athumani alisema kuna mfanyabiashara wa ng'ombe aliyemwona Garissa, ameoa huko, na watu wakaacha kutafuta. Lakini Mama Rukia hakumtukana mumewe wala hakumlilia. Alimpakulia. Jioni Rukia aliila ile sahani, naye mamake akamwambia, "Babako leo hakuwa na njaa," kama mtu anayesema mvua haikunyesha.

Ijumaa moja Mzee Athumani alikuwa ameenda msikitini na karakana ameifunga kwa kufuli. Mimi na Mama Rukia tulikuwa uani tunachambua mbaazi. Jua lilikuwa la utosi, hata kuku walikuwa wamenyamaza. Nikasikia ndani ya karakana sauti ndogo, ting, halafu kimya, halafu ting. Ilikuwa sauti niliyoijua vizuri kuliko sauti yangu. Ni maganda mawili yanagonganishwa. Niliinua uso. Mama Rukia hakuinua wake, vidole vyake viliendelea na mbaazi. "Anachagua," akasema. "Kila safari alichagua mwenyewe, hamwachii kakake." Nilisikia ting mara nyingine, na baada yake ile sauti ya kikombe kibovu, halafu hakuna tena. Mzee aliporudi nilimwomba ufunguo nikaingia mbele yake. Maganda yalikuwa kwenye gunia kama nilivyoyaacha. Nimeishi na mabati miaka mingi sasa, najua yanavyolia yakipata joto, na nimejiambia mara nyingi kwamba yalikuwa mabati ya paa. Nikiwa peke yangu huwa sijiambii hivyo.

Muthengi alianza kuja baada ya hapo. Alikuwa askari mpya wa wanyama, kijana wa Kwa Vonza, mcheshi, ila siku moja alikuja bila ucheshi. Upande wa Zombe kulikuwa na simba aliyekuwa akichukua watu, si usiku kama simba wengine, mchana, wakati wa kuteka maji katika mchanga wa mto. Muthengi alikuwa amempiga mara kadhaa bila kumpata. "Mzee, mimi si mtu wa kukosa," alisema, ameishika chai bila kuinywa. "Niko karibu naye kama hapa na ile choo. Nalenga bega. Napiga. Vumbi inaruka huko mbali, kando kabisa, na yeye ananiangalia tu. Watu wa Zombe wanasema hiyo si simba."

"Ni nini basi?" nikauliza.

"Wanasema ni mtu. Hanguruma, Mumbua. Anakohoa." Akakohoa kuiga, kikohozi kikavu, cha kifuani, mara mbili, na mwisho kama mtu anayesafisha koo. Nyuma yangu kitu kikaanguka. Mama Rukia alikuwa mlangoni na sinia ya mandazi, na mandazi yalikuwa yametapakaa sakafuni. Hakuyaokota. Alikuwa anamtazama Muthengi mdomoni. Baadaye niliuliza jikoni, naye akanijibu kwa utaratibu kwamba Hamisi alikuwa na kifua, tangu utotoni, na kwamba alikuwa akikohoa vile vile, mara mbili, na kumalizia vile vile.

Muthengi alituachia bunduki ili tuone kwa nini haipigi sawa. Ilikuwa ya bolti, lile komeo la kuvutwa kwa mkono kabla ya kila risasi, ya zamani, ya aina waliyokuwa nayo askari wengi, kitako chake kimekatika kipande. Mzee Athumani aliipapasa kutoka mdomo hadi kitako, na kidole kilipofika penye kile kipande kilisimama. Aliniagiza nisukume kipande laini cha madini ndani ya mtutu mpaka kitokee upande wa pili, kikiwa kimechukua alama ya mifereji ya ndani, kisha nikipime. Nikapima, nikamsomea. Akasema nipime tena. Nikamsomea kile kile. Mtutu ulikuwa umelika, au ulitengenezwa hivyo tangu mwanzo, kwa sababu ulikuwa mpana kuliko bunduki nyingine za aina yake. Risasi za kawaida zilipita humo bila kushikwa na mifereji, zikatoka zikiyumba. Simba hakuwa na uchawi wowote. Risasi zilikuwa ndogo. Nilifurahi sana, nikamwambia itabidi tutafute mtu wa kututengenezea kalibu ya kipimo hicho. Mzee Athumani aliinuka, akafungua sanduku lililokuwa chini ya meza, akatoa kalibu iliyofungwa kitambaa chenye mafuta. Nikamimina madini, yakaganda, nikatoa kichwa cha risasi nikakipima. Kilikaa sawasawa na mtutu ule.

"Mzee, kalibu hii ulimtengenezea nani?"

"Bunduki hiyo niliwahi kuilisha," akasema. Akaniambia nikokee moto vizuri.

Siku tuliyokuwa tunamaliza kujaza, Mama Rukia aliingia ndani kabisa ya karakana, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Shemeji yake alikuwa nje anaongea na Muthengi. Mama Rukia alisimama karibu nami mpaka nikasikia mafuta ya nazi kichwani mwake. "Mumbua, mdogo wangu," akasema polepole, "hizo usizijaze vizuri. Tia baruti kidogo. Iishie njiani." Nilimtazama kuona kama amepandwa na homa. Macho yake yalikuwa makavu na ya mtu mwenye akili timamu. "Ni yeye. Sijui kwa namna gani, lakini ni yeye, anakohoa, na wanataka kumpiga kwa mkono wako." Nikamwambia kwamba Muthengi atakufa. Akasema Muthengi anaweza kukimbia, ni kijana. Nikamwambia kuna akina mama wanaoteka maji kule, wana watoto. Akatazama mizani, na mkono wake ukaja juu ya wangu, si kwa nguvu, kama vile unavyomshika mtu katika foleni ya maziko. "Basi nifanye nini mimi?" akaniuliza. Alipotoka nilimwaga baruti yote niliyokuwa nimepima nikaanza upya, nikapima kila moja mara tatu, nikiogopa kwamba mkono aliougusa ungemtii bila mimi kujua.

Muthengi alipoondoka na risasi zile, nyumba ilikuwa kama nyumba yenye mgonjwa. Mama Rukia alipakua sahani zake kama kawaida ila hakula, na mara mbili nilimkuta amesimama uani ameelekea mashariki, kichwa ameinamisha upande mmoja, anasikiliza. Mzee Athumani hakunipa kazi. Alikaa na lile kopo la tumbaku mapajani. Kisha asubuhi moja Land Rover ya ofisi ikaegeshwa mlangoni na Muthengi akaingia, amechoka, ameunguzwa na jua, na kabla hajakaa akasema simba ameanguka. Risasi ya kwanza, begani, pale alipolenga. "Alikuwa mzee," akasema. "Meno yameisha, ndiyo maana alikuwa anakula watu. Na tulipomchuna, tukapata hii ndani. Imekaa karibu na pafu, nyama imeifunika." Akaweka juu ya meza kichwa cha risasi kilichobonyea, cheusi. "Si yangu, Mzee. Yangu ilipita. Hii ni ya kitambo. Hiyo ndiyo ilikuwa inamfanya akohoe."

Mzee Athumani alikichukua akakizungusha vidoleni. Akanipa. "Pima pale ambapo hakikubonyea," akasema. Nilipima kitako chake, nikasoma, na sikuhitaji kusema kwa sauti kwa sababu pumzi yangu ilimwambia. Ilikuwa imetoka katika kalibu yetu. "Mwite Zainabu," akasema. Alikuja akifuta mikono kwa leso, akasimama mlangoni, naye mzee hakumwomba akae, labda alijua kwamba akikaa hatasimama. Akamwambia yote mbele yetu. Kwamba hakukuwa na mfanyabiashara yeyote wa Garissa. Kwamba bunduki ya Hamisi, hii hii ya Muthengi, ilipookotwa waliileta kwake kwa sababu bolti ilikuwa imekwama, na alipoifungua kwa nyundo akakuta ganda limevimba limeng'ang'ania ndani. Hamisi alipiga mara moja. Hakuweza kupiga mara ya pili. "Ganda hilo nililijaza mimi," akasema. "Maganda yalikuwa machache. Nilisikia halilii vizuri, nikaona litafaa mara moja zaidi. Yeye mwenyewe alilitenga pembeni. Nikalirudisha." Machozi yalikuwa yanatoka katika yale macho meupe, lakini sauti haikutikisika. "Nilitunga habari ya Garissa ili niweze kula mezani pamoja nawe."

Nilidhani atapiga kelele. Mama Rukia aliitazama ile risasi juu ya meza kwa muda mrefu, halafu akamgeukia Muthengi, si shemeji yake, akasema, "Nipeleke mahali hapo." Kwa miezi iliyofuata hakuzungumza na Mzee Athumani isipokuwa kupitia Rukia, mwambie ami yako chai tayari, mwambie ami yako maji ya kuoga. Baadaye alizungumza naye, na mzee alipopofuka kabisa yeye ndiye aliyemwongoza msikitini kila Ijumaa mpaka mzee akafa. Ila hilo lilichukua miaka, na mimi nilikuwa nimeshaondoka. Siku ile alimruhusu tu apande gari. Mama Rukia alikaa mbele na Muthengi, mimi na mzee nyuma, mpaka Zombe na kupita.

Tulifika penye mto mchana. Haukuwa na maji, ni mchanga tu mweupe na mashimo ya kuteka, na miiba pande zote, na ukimya ambao nilikuwa nimeusikia mara moja tu maishani mwangu, Ijumaa ile uani. Wanawake waliokuwa wanateka walimjua Muthengi, wakamshukuru kwa Kikamba, wakampa maji kwanza yeye. Yeye akawaeleza tumekuja kuuliza habari za mtu, askari aliyepotea huku zamani, mumewe mama huyu. Walitazamana. Mmoja, mama mnene mwenye kitambaa cheupe cha kanisani kichwani, waliyemwita Mama Ndinda, akaweka mtungi wake chini. "Kuna mtu tulimzika," akasema. "Lakini hakuwa na bunduki. Alikuwa juu huko, mbali na mto, alitembea mpaka akachoka. Tulipompata alikuwa amebaki kidogo. Tulifikiri ni mtu wa ng'ombe, wa kutoka Tana. Ilikuwa mwaka wa njaa, wageni walikuwa wengi njiani." Akatuambia tungoje. Alienda nyumbani kwake, akarudi na karatasi ya nailoni, ndani yake kofia ya Kiislamu iliyoshonwa kwa mkono. "Niliifua," akasema. "Nikasema iko siku mwenyewe atakuja kuuliza."

Mama Rukia aliipokea, akaipindua, akapapasa mshono wa ndani kwa kidole gumba. Alikuwa ameishona mwenyewe mwaka wa harusi yao. Hakulia. Tulipanda hadi kaburini, chini ya mwamba, limepangwa mawe kwa uangalifu ili fisi wasifukue. Akauliza walimlaza ameelekea wapi. Mama Ndinda akasema hawakujua yanayotakiwa, hakuna Mwislamu karibu, walimlaza kichwa kikiwa upande wa mwamba kwa sababu huko kuna kivuli asubuhi. Mzee Athumani akafungua mdomo, nadhani alitaka kusema kwamba anaweza kufukuliwa na kulazwa inavyopasa, akaufunga.

"Mlimwita nani?" Mama Rukia akauliza.

"Mgeni. Pasta aliomba, akasema, Bwana, mpokee mgeni huyu."

"Anaitwa Hamisi."

Mama Ndinda akawageukia wenzake waliokuwa wamesimama chini kidogo, akawaambia kwa Kikamba kwamba yule mgeni anaitwa Hamisi na huyu ndiye mkewe. Wakapanda mmoja mmoja, wakampa mkono, na kila mmoja akalitaja jina, wengine wakilikosea, pole kwa Hamisi, pole mama, pole kwa Hamisi. Mmoja akasema ni yeye aliyeleta mawe yale makubwa. Mwingine alisema alitoa leso yake wamfunikie.

"Mlisoma nini?" akauliza Mama Rukia.

"Tuliimba tu, mama. Wimbo mmoja wa kwetu. Hatukuwa na kingine."

Mama Rukia aliketi juu ya mchanga kando ya mawe, akatandaza leso yake, akaiweka ile kofia mapajani. "Uimbeni tena," akasema. "Nisikie alichoimbiwa." Walisita, wakamtazama Mzee Athumani, naye alikuwa amesimama kando peke yake, uso ameuinamisha. Mama Ndinda akaanza, wengine wakaitikia, kwa sauti ndogo, sauti za watu waliotoka kubeba maji, na walipofika ubeti wa pili Mama Rukia akaanza kulia.